Deli la Matope

Jumamosi. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua haishuki, na joto limenikaba. Au labda si joto.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia.

Kazi yangu ni kuchota tope kwenye mikoko hapa Bagamoyo na kutafuta bakteria wanaoishi humo. Tunawaotesha maabarani, tunachuja wanachokitoa, kisha tunakijaribu kwenye seli za saratani. Miezi miwili iliyopita, majimaji ya bakteria mmoja yaliziua seli hizo ndani ya kisahani cha majaribio. Nilifurahi kama mwehu. Nikampigia simu shangazi yangu: "Tumepata dawa!"

Nani alinituma?

Kisahani si mtu. Huenda majimaji yale yanaua hata seli zenye afya. Kutoka hapo hadi dawa ni miaka, na mengi huishia njiani. Hayo sikuyasema, maana yangeharibu shangwe yangu.

Shangazi Tatu, dada yake baba, ndiye aliyenilea, na ana saratani ya titi. Kila nikitoka mikokoni hupita kwake Dunda na deli langu la barafu lenye sampuli. Siku hizi hulitazama deli kabla ya kunitazama mimi. Nilidhani ni udadisi tu.

Leo nimemkuta amepaka hina, mashavu yamebonyea, anacheka. Binti yake akanivuta jikoni. Kumbe tangu simu ile mama yake hajakanyaga hospitali. Dripu za dawa ya saratani ameziacha. Anaamini dawa imo ndani ya deli, nami nangoja tu ruhusa ya wakubwa zangu.

Nikisema kweli, namnyang'anya kicheko kile. Nikinyamaza, namuua.

Nilikunywa chai. Nilikula vitumbua viwili. Wakati naaga alinishika mkono.

"Mwanangu, hata kijiko kimoja tu."

"Bado kidogo, Shangazi."

Bado kidogo! Najichukia kwa maneno hayo mawili kuliko kwa simu ile. Simu ilikuwa furaha. Haya ni woga mtupu.

Deli liko hapa miguuni pangu, barafu imeyeyuka, tope limeanza kunuka.

Kesho nitalibeba hivi hivi. Nitamwamkia shikamoo, nitalifungua mbele yake anuse mwenyewe, kisha nitamwambia nilimdanganya. Akinifukuza, nitakaa barazani kwake mpaka avae baibui twende hospitali.