Wino kwenye dole gumba

Naima, uko? Usinipigie, nitalia tu. Soma.

Hamudi alirudi jana kutoka chuo. Huyu huyu mdogo wangu anayesomea sheria na siasa. Leo asubuhi amesimama kwenye mkutano wa kijiji, anasema mwanamke ana haki ya ardhi. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, Naima. Nilipiga!

Mchana, nyumbani, akatoa karatasi na pedi ya wino mbele ya Mjomba Twahiru. "Dada, weka dole gumba hapa. Ni utaratibu tu."

Dole gumba! Mimi niliyeacha shule darasa la tano, nikabaki Kitangari kuteka maji ili yeye asome. Mimi niliyemfundisha kuandika jina lake mchangani.

Akanishika mkono mwenyewe, akalibonyeza dole langu kwenye wino. Unanijua, nikaona aibu, nikainama. Kumbe nimeinamia karatasi. Basi nikaisoma, polepole, kwa sauti: "Kwa hiari yangu namwachia mdogo wangu Hamudi mikorosho yote ya marehemu mama."

Mjomba akashtuka. "We Hamudi, si uliniambia mnagawana?"

Hamudi akacheka. "Kumbe dada unasoma!"

Kumbe, Naima. Kumbe!

Nikauvuta mkono wangu, nikatoka.

Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa majivu, wino hautoki. Ila karatasi yake haina alama.