Yaya, Si Sindano Iliyokuua

Yaya Amisi, kaka yangu mkubwa,

Furaha wa kule Wamaza amekataa sindano. Ndiyo sababu nakuandikia, mengine yangengoja.

Unamkumbuka: mke wa fundi baiskeli, mwenye saratani ya damu kama yako, ambaye mlikuwa mkikaa naye benchi moja hospitalini Kasongo. Sasa ana mimba. Vidonge haviruhusiwi kwa mjamzito, na wewe tumbo lako lilivikataa. Nyote mkabaki na interferoni, dawa ya sindano. Lakini amesikia kwamba ndiyo iliyokuua.

Chanzo ni sisi. Siku ya mazishi baba mdogo Shabani alituambia, "Tuseme ugonjwa. Wale watu wanajua kwetu." Redio ninayofanyia kazi ikatangaza ugonjwa. Sindano waliiongeza watu wa Wamaza wenyewe.

Mimi nilikuwepo. Tulikuwa tunarudi Salamabila kwa pikipiki, dawa zako ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kwenye kizuizi cha barabarani walisimama watu wanne wenye bunduki. Yule mfupi alikutazama ubavu wa kushoto, pale wengu ulipovimba, akacheka.

"Huyu amemeza dhahabu. Tumbo iko upande moja!"

Ukasema ni ugonjwa.

"Ugonjwa ya matajiri. Tapika."

Walikunywesha maji ya sabuni. Ulitapika mihogo. Wakamwaga barafu, wakasaga vichupa vya dawa kwa buti. Mfupi akainua kitako cha bunduki. Mimi nilikuwa kifudifudi, mtutu shingoni. Nilikusikia: "Hapana huku, baba. Huku iko mugonjwa." Akapiga huko huko. Ulipopakinga kwa mkono, akapiga mkono kwanza, kisha pale tena.

Wengu ulipasuka. Nje haikutoka hata tone. Damu yote ilijaa tumboni. Ulikufa kwenye pikipiki, kati yangu na dereva.

Na ulikuwa unapata nafuu. Daktari alishatueleza: juu ya kila seli kuna vipokezi, kama milango, na interferoni hubisha hapo. Mwenye vichache, dawa hubisha bure. Damu yako ilipimwa mbali, ikaonekana unavyo vingi. Ukamjibu, "Nyumba ya milango mingi, daktari, hata mwizi anaipenda." Alicheka mpaka akavua miwani. Wengu wako, uliokuwa umefika kitovuni, ulikuwa umerudi karibu na mbavu. Wiki chache zaidi, yule mfupi asingeona kitu.

Jana nilikwenda Wamaza. Nilimweleza Furaha yote, mama mkwe wake akisikiliza.

"Weye mutu ya redio," mama mkwe akasema, "mbona redio ilisema ingine?"

Nilimwambia tuliogopa. Bado tunaogopa, baba mdogo hajui kwamba nimesema.

Furaha aliuliza swali moja tu: wengu ulikuwa umepungua kweli? Nikamwonyesha kwenye tumbo langu mwenyewe. Hapa. Halafu hapa. Akatazama kidole changu kwa muda mrefu, akaomba kanga yake ya safari.

Vipokezi vyake hatuvijui bado. Huenda dawa ikabisha bure, nami nimemwambia hivyo. Lakini atachomwa, na nitampeleka mimi. Chupa yako ya chai imebonyea, ila bado inashika baridi.

Kwaheri, Yaya. Tulikulaza kwa ubavu wa kulia, kama dini inavyotaka. Ule wa kushoto haulaliwi na kitu. Na Furaha, tukisimamishwa njiani, nitasimama kushoto kwake.

Mdogo wako,
Saidi