Swala Juu ya Nyumba Sita

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, shemeji na watoto. Mgongo umepoa? Mimi sijambo, ila macho. Kushinda nimeinamia ramani kuukuu hapa makumbusho si mchezo.

Umeandika mara mbili kuuliza kama ile ramani ya zamani ipo, kwa kuwa tume ya ardhi itaitazama ijue kama babu zetu walikuwepo pale kabla ya shamba la mwekezaji. Ipo, Kaka. Nilipewa mimi niisafishe. Ni kazi ya mkono hasa: jumba la mtawala limechorwa kubwa kuliko mlima, na kitongoji chetu kilichorwa vijumba sita, ukucha wangu ukavifunika vyote. Mwenye kalamu ndiye anayepanga nani mkubwa.

Fundi wetu mkuu, tunamwita Miwani, ndiye aliyenifundisha kuzisoma. Alisema wachoraji wale, mahali wasipopajua, au ambapo mabwana zao hawakutaka paonekane watu, walichora mnyama.

Nikaikumbuka ramani yako. Tulipomaliza kumzika Baba ulichora mafungu kwenye karatasi ya daftari: la kwako, la mwanao aliyekuwa bado ananyonya, hata banda la mbuzi ukalitia. Nilipouliza langu liko wapi, ulisema mwanamke fungu lake liko kwa mumewe, na wote mkacheka. Mume mwenyewe sikumpata. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Jana wajumbe wa tume walikuja na lenzi. Mwenyekiti alimsifu mno swala aliyesimama bondeni, akasema ni wazi hapo hapakukaa mtu. Wenzake wakaandika. Uamuzi utasomwa Jumatatu.

Swala yule nimemchora mimi, Kaka, juu ya nyumba zetu sita. Siku tatu nzima, kwa wino niliouzeesha kwa majani ya chai. Miwani hajui. Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo?

Ukitaka, wapelekee tume barua hii. Watakuuliza ulimkosea nini dada yako, nawe itabidi uwatolee ile karatasi ya daftari.

Nisalimie shemeji, mwambie afungashe vyombo polepole, visivunjike. Watoto nawapenda, wanaweza kuja. Ila chumba changu ni kimoja, na nimeshakichora: wewe sikukutia.

Ni mimi mdogo wako,
yule asiye na fungu