Bibi Ameniponya Hofu ya Treni

Jumanne.

Eish, leo nimetetemeka makusudi mpaka mabega yanauma.

Bibi Helen, mzee ninayemtunza hapa Sandton, karibu na Pretoria, anataka twende wote Skotlandi alikozaliwa, tupande ile treni ya kifahari inayopita kwenye milima na maziwa. Watoto wake wanalipa. Picha amenionyesha: milima inashuka mpaka majini, kama kwetu Bukavu kabisa.

Nilimwambia naogopa treni. Ningesema nini? Kwamba karatasi yangu ni ya kuomba hifadhi ya ukimbizi, nikivuka mpaka sirudi? Miaka minne hajauliza, na mimi sijasema.

Basi leo akaamua kuniponya. Na fimbo yake, na magoti yake mabovu, akanipandisha treni ya kasi mpaka Pretoria na kurudi, amenishika mkono njia nzima.

"Pumua, binti yangu. Niko hapa."

Nikafumba macho kwa aibu. Akadhani ni hofu, akanibana zaidi.

Tuliposhuka akanikumbatia, machozi yanamlengalenga. "Umeona? Umepona! Kesho niletee pasipoti yako, tukate tiketi."

Nikajibu, "Ndiyo, Bibi."