Wa Kwanza Kwenye Orodha

Naviundu, Lubumbashi
Jumamosi

Kwa yaya wangu Edith, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Donat na watoto. Natumaini hamjambo huko Pweto, na kwamba mgongo uliokusumbua wakati wa mvua umepoa. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kila siku anauliza utakuja lini. Samaki uliotutumia walifika wote, asante sana. Barua hii nampa Dominique anayesafiri kesho kuja huko, kwa sababu mambo haya nikiyaanza kwa simu nitakata kabla sijafika mwisho.

Unakumbuka ile programu niliyoiandikia zahanati ya karibu na mto? Muuguzi anachagua kundi la damu, kompyuta inatafuta watu waliokubali kutoa damu ya kundi hilo, inamchukua wa kwanza kwenye orodha na kumpelekea ujumbe aje haraka. Miezi minane ilifanya kazi, nami nilijivuna nayo kuliko inavyofaa.

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, Kulthumu, muuguzi wa uzazi, alinipigia simu. Mwanamke mmoja, Djamila, alikuwa amejifungua mtoto wa kike na damu ilikataa kukatika. Kundi lake ni O négatif, O hasi, lile la nadra lisilopokea damu nyingine, na zahanati haikuwa na hata mfuko mmoja wa damu hiyo. Kulthumu alibonyeza, ukurasa ukawa mweupe. Alisema, "Plamedie, mashini inakataa, na huyu mama iko anapoteza damu mingi." Nilimjibu ni réseau, mtandao tu, azime awashe, angojee kidogo. Yaya, alizima na kuwasha mara tatu. Dakika ishirini zilipotea kwa sababu aliliamini neno langu.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda mwenyewe. Kosa nililiona mara moja, na lilikuwa langu. Niliandika, chukua wa kwanza, bila kuuliza kwanza kama kuna mtu yeyote ndani. Orodha tupu haina wa kwanza. Programu ilinyoosha mkono, haikukuta kitu, ikaanguka yote, hata makundi mengine ya damu yakakwama nayo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa jambo hilo! Nilirekebisha: sasa inatazama kwanza, na ikikuta hakuna mtu inasema waziwazi kwamba hakuna, tafuteni kwingine. Kulthumu aliposoma maneno hayo hakungoja tena. Alimtuma Shafi, mume wa Djamila, na barua na kisanduku cha barafu hadi hospitali kubwa, naye akarudi na mifuko miwili. Djamila alikaa siku mbili hatambui watu. Sasa ananyonyesha.

Ungedhani ningetulia. Lakini Godefroid, mkubwa wetu wa ofisi, alinitaka niandike ripoti kwamba ni réseau iliyokatika. Nilikataa. Nilimweleza kwamba réseau ilikuwa nzima, kwamba kosa ni mstari wangu kwenye programu. Alinijibu kwamba mstari umeshatengenezwa, sasa nataka kumfurahisha nani, kisha akaiandika na kuitia sahihi yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo tunapishana mlangoni kama wageni. Wenzangu wananiona mtu wa shida, kana kwamba mimi ndiye niliyesema uongo. Hapa kosa hupewa jina la réseau au la mashini, kamwe si la mtu.

Halafu akaja Shafi. Ni fundi cherehani, ana duka dogo barabarani hapa. Alisimama mbele ya meza yangu akanishukuru kwa kukimbilia zahanati, akasema anataka kunishonea nguo, kisha akatoa utepe wake akanipima mabega na mikono. Nami nilisimama tu, nikapimwa.

Yaya, sikiliza sasa, na usimwambie mama. Damu yangu ni O négatif. Unajua, wewe ndiye uliyenipima damu. Katika orodha ile ya O négatif alikuwemo mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi. Ndiyo maana kila nilipoijaribu ilifanya kazi. Mwezi wa tatu waliniita, nikatoa, nikazimia mbele ya watu, wakanicheka kidogo. Nilirudi ofisini nikafuta jina langu, orodha ikabaki tupu. Sikumwambia Kulthumu.

Na siku ile nilikaa pale nusu saa, kompyuta magotini, hatua kumi kutoka kitanda cha Djamila. Nilimsikia akiomba maji. Ningeweza kukunja mkono wa nguo na kusema, nipimeni mimi, chukueni. Sikusema. Hata Shafi alipoondoka na kisanduku chake, nilikuwa bado nachapa.

Jina langu nimelirudisha jana. Nguo iko tayari tangu juzi, sijaenda kuichukua. Jumatatu hii nitaenda kwa Kulthumu kwanza, kisha kwa Shafi, nami nitawaambia kama nilivyokuandikia wewe. Shafi akitaka kuichana nguo ile, aichane.

Usinipigie kunituliza. Niandikie unavyofikiri kweli, hata kama ni kali. Wasalimu shemeji na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Mama anakubusu, naye hajui nimeandika nini. Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako,
Plamedie