Baba, Hakukuwa na Kitu Ndani ya Duara

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea.

Nimetoka hospitali, niko chumbani kwangu Ngokolo, na mkono unatetemeka mpaka mwandiko unaruka mstari. Ni mtetemeko wako ule ule. Ulinianza baada ya arobaini yako, nikichambua mchele: moyo mbio, jasho la baridi, kichwa kikigonga, na hofu isiyo na sababu. Nikasema, Baba amekuja kunichukua.

Unakumbuka Runzewe? Wachimbaji wenzako walikutoa kwenye duara, lile shimo la dhahabu, wakidai umeona kitu huko chini, na kwamba mwenye hofu hufukuza dhahabu. Ukarudi nyumbani Samuye mnyonge. Shangazi akasema ni masamva, mizimu ya ukoo inakutaka uwe mganga. Tukakuvika shanga, tukachinja mbuzi mweupe. Na kila ilipokupanda, mimi ndiye niliyekukanda kiuno kwa samli. "Taratibu, Mayu," ulisema. Uliniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yako. Mimi nikakaza. Nilidhani naitoa.

Siku ile ya mwisho pia nilikaza.

Leo daktari amenichorea. Juu ya figo kuna tezi ndogo, na seli zake ni ndugu wa seli za mishipa ya fahamu. Ubongo ukiziamuru, humwaga kwenye damu homoni ya kumkimbiza mtu aliyekutana na fisi. Zangu zimeota uvimbe, zinamwaga zenyewe, fisi hayupo. Huenda nimeurithi. Kisha akasema, kama anayezungumzia mvua, kwamba uvimbe huo haukandwi. Ukikandwa, humwaga yote kwa mpigo, na moyo unaweza kusimama.

Wewe hukupimwa, kwa hiyo hawezi kuapa. Mimi naapa. Nisamehe, Baba. Nisamehe.

Nimempigia shangazi, nikamweleza. Akasema: "Masamva nao wana mahali pa kukaa, mwanangu. Labda walikaa hapo." Sikumbishia.

Alhamisi wananipasua. Naogopa, na safari hii hofu ni yangu mwenyewe. Nikiamka, nitawapeleka Kulwa na Doto, wajukuu zako, wapimwe. Kisha nitakwenda Runzewe, nisimame mdomoni mwa lile duara, niwaambie hukuwa mwoga. Nakuahidi.

Kwaheri, Baba. Mikono nimeiosha, harufu ya samli haitoki. Nimemwomba daktari neno moja tu, lile lako ambalo sikulisikia: taratibu.

Mayu wako