Jumapili Mama Yusta Alipobaki Kwenye Benchi

Ipogolo, Iringa
Jumapili, Novemba 1974

Shajara yangu, mvua ya kwanza ya msimu imenyesha tangu alfajiri, kisha ikakatika ghafla, na sasa harufu ya vumbi lililolowa inaingia dirishani. Sanduku langu la bati limekwisha kufungwa kwa kamba. Kesho naianza safari ya kurudi Kenya. Muhula wangu wa ugenini umekamilika, na nilidhani leo ningeandika kwa furaha ya mtu aliyefaulu. Nimefaulu, ndiyo. Ila sina hamu ya kuandika habari za mitihani.

Nataka kuandika habari za Mama Yusta.

Huyu ni mjane wa Kihehe aliyenipangisha chumba hiki, na ambaye tangu juma la kwanza aliacha kuniita mpangaji akaanza kuniita mwanangu. Lakini siwezi kumweleza yeye bila kuanza na Mbeya, kwa kuwa huko ndiko mambo yote yalikoanzia.

Niliwasili Mbeya mwezi wa Julai, na shahada yangu mpya ya kilimo, suti moja, na matumaini makubwa ya kurudi kwetu nikiwa bingwa wa zao la pareto. Hakuna aliyenionya juu ya baridi. Asubuhi tulipanda milimani kuangalia wakulima wakichuma maua yale meupe, na vidole vyangu vilikufa ganzi hata nikashindwa kushika kalamu. Mwanafunzi mwenzangu Ambakisye, kijana wa Tukuyu, alinitazama nikitetemeka, akavua sweta lake akanivika. Jioni yake alinipeleka kwenye kwaya. Alisema mtu mwenye baridi huimba besi nzuri.

Nayakumbuka mazoezi yale kuliko mihadhara yote. Mwalimu aliandika noti ubaoni kwa chaki, do, re, mi, nasi tukazifuata sauti moja moja mpaka zikaungana, na nje Wachina waliokuwa wakijenga reli walisimama kando ya barabara kutusikiliza. Mwishoni mwa juma Ambakisye alinipeleka kwao. Mama yake alinipa maziwa ya mgando na ndizi za kupika, akaniuliza habari za ng'ombe wa kwetu kana kwamba anawafahamu. Nilikuwa mbali na nyumbani, ila sikujiona mgeni hata siku moja.

Mwezi Septemba darasa letu lilihamia Iringa kumalizia muhula. Ambakisye alipata chumba kule mjini juu, nami huku bondeni Ipogolo, kwa Mama Yusta. Yeye ndiye aliyetuingiza katika kwaya ya usharika wake wa Kilutheri. Kila Jumapili tulitembea pamoja kwenda ibadani, yeye na khanga yake safi na kitabu chake cha nyimbo, akisalimia kila tuliyempita: kamwene, kamwene. Nami nilijifunza kuitikia.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe.

Mara moja kwa mwezi, usharika hushiriki Meza ya Bwana. Watu husimama safu kwa safu, huenda mbele, hupiga magoti, hula mkate na kunywa divai. Mimi nilibaki kwenye benchi. Nilifanya hivyo bila kufikiri sana, maana sisi wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, kwetu Maragoli, hatubatizi kwa maji wala hatuna mkate na divai kanisani. Baba yangu, ambaye ni mzee katika kanisa hilo, alinifundisha kwamba ubatizo ni kazi ya Roho ndani ya mtu, na kwamba mtu hukutana na Bwana wake anapoketi kimya mbele zake. Nilidhani watu wanajua. Hakuna aliyeniuliza, nami nikachukulia kutoulizwa kuwa ni kueleweka.

Sikujua kwamba hapa anayebaki kwenye benchi wakati wenzake wanakwenda mezani ni mtu aliyetengwa na kanisa kwa ajili ya dhambi.

Alhamisi iliyopita Mama Yusta alinikaribisha chai, akanipa habari huku uso wake uking'aa. Alisema yeye na akina mama wenzake wameniombea kila Jumanne tangu Septemba. Alisema amekwenda mbele ya wazee wa kanisa kunisemea, akajitoa yeye mwenyewe kusimama kando yangu, nao wazee wamekubali. Jumapili, kabla sijaondoka, nitarudishwa kundini. Hiyo ndiyo zawadi yake ya kuniaga.

"Kosa lako sikuulizi, mwanangu," alisema. "Hilo ni lako na Mungu."

Nilimeza chai iliyoniunguza koo, nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru!

Nilipanda kilima hadi kwa Ambakisye nikihema. Alipokwisha kunisikiliza alicheka hata akaketi chini. Kumbe alikuwa anajua watu wanavyosema, akadhani nami najua.

"Kuna waliosema una wake wawili Kisumu," aliniambia. "Mimi nilikutetea, bwana. Nilisema mtu mwenye sura hii, hata mmoja hajampata."

Alipomaliza kucheka alinishauri kwa upole nipige goti, nile ule mkate, niende zangu. Mungu anajua, alisema, na yule mama atafurahi mpaka kufa kwake.

Nakiri kwamba nilivutiwa. Niliiona picha nzima: kwaya ikiimba, Mama Yusta akilia kwa furaha, watu wakinishika mkono mlangoni, nami nikiondoka Iringa nikiwa kijana aliyependwa na wote. Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa niliibeba picha ile kitandani. Lakini kila nilipofika mahali pa kutamka toba, sikuwa na dhambi ya kuitaja. Ningelazimika kumdanganya Mungu mbele ya watu wake ili nimfurahishe mwanamke anayemwomba Mungu huyohuyo. Na nikikataa, ni yeye atakayeaibika mbele ya wazee aliowasihi kwa ajili yangu.

Jana mchana nilimfuata jikoni. Alikuwa anachambua maharage katika ungo. Niliketi kwenye kigoda nikamweleza yote: Marafiki, baba yangu, ubatizo usio na maji, kimya. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Hujabatizwa?"

Nikasema kwa maji, hapana.

Alisukuma ukuni motoni. "Basi miezi yote hii nimemwombea mpagani arudi alikotoka," alisema.

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Aliendelea kuchambua, akatupa punje mbovu moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kwetu tunafanya nini mahali ambapo wao hula mkate. Nikamwambia tunanyamaza, wote pamoja, wakubwa kwa watoto. Akauliza kama Bwana huja. Nikamjibu kwamba mara nyingine nimemsikia kabisa, na mara nyingine nimesikia tumbo langu tu.

Hapo alitabasamu kidogo, kwa huzuni. Akasema atakwenda kwa mchungaji kuliondoa jambo lile, nami nisijisumbue. Nilijitolea kwenda naye. Alikataa. Alitoka peke yake jioni, amejitanda khanga kichwani, na aliporudi hakunisimulia chochote. Alinipakulia maharage yale, tukala.

Leo tumekwenda ibadani pamoja kama kawaida. Mchungaji hakutaja kurudishwa kwa mtu yeyote, na niliona watu wakigeuka kunitazama, kwa maana habari ilikuwa imekwisha kuenea. Mwanakwaya anayesimama karibu yangu alinigusa bega kwa huruma. Bila shaka alidhani wazee wamenikataa.

Kwaya ilipokwisha kuimba nilirudi kuketi kando ya Mama Yusta, na ulipofika wakati wa Meza, safu yetu ilisimama. Nilivuta magoti yangu pembeni ili Mama Yusta apite, kama nilivyofanya mara zote.

Hakupita.

Alibaki ameketi, kitabu cha nyimbo mapajani, macho amefumba. Watu wa safu yetu walimsubiri, kisha wakampita kwa shida, wakigeuza shingo. Mwanamke huyu ameshiriki Meza hiyo tangu ujana wake, hata mwezi aliomzika mumewe. Nilimnong'oneza kwamba aende, tafadhali, Mama, asifanye hivi kwa ajili yangu.

"Nyamaza," alisema bila kufumbua macho. "Si ndivyo mnavyofanya? Nami nanyamaza."

Basi tukakaa. Safu zilikwenda na kurudi. Nimezaliwa na kulelewa katika kimya cha ibada, lakini sijawahi kukaa katika kimya kama kile, na sitajaribu kukieleza hapa. Itoshe kusema kwamba leo sikusikia tumbo langu.

Nilitamani niishie hapo, shajara yangu, na kwa mtu anayetaka kuandika vizuri pangekuwa mahali pazuri pa kuishia. Lakini tangu tulipotoka kanisani, akina mama wa Jumanne wamekuja hapa mmoja mmoja. Wa kwanza alikuja kuazima chumvi. Wa pili alikuja kuuliza kama kuku wake hajapita huku. Wa tatu hakutafuta hata kisingizio, ameketi tu jikoni akisubiri. Hakuna anayeuliza, maana hapa watu hawaulizi. Mama Yusta anawamiminia chai na kuwauliza hali za watoto, naye hajielezi. Nimemsikia huyo wa tatu akimwambia kwa sauti ya chini kwamba watamwombea.

Kwa hiyo kesho nitaondoka na shahada yangu na maarifa yangu ya pareto, naye atabaki Ipogolo akiwa mwanamke aliyetengwa kwa dhambi isiyojulikana, na wema wake utakuwa umegeuka doa. Ataendelea kunyamaza. Namfahamu.

Ambakisye amepita kuniaga, na mara hii hakufanya mzaha. Aliniambia wazee wa kanisa watakuja hapa jioni kumtembelea Mama Yusta, kisha akaketi kitandani pangu akitazama sakafu.

Kupitia dirishani nawaona wanashuka njia, watatu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mama Yusta amekwisha kuwawekea viti uani. Naiweka kalamu chini na kutoka kwenda kuketi nao. Safari hii sitangoja kuulizwa.